Mama Régine na ampli ya Bwana Gérard

Mama Régine Numbi hakukuwa muntu wa kuaminia bantu. Mbele ya kahawa ya asubui hakuaminia muntu, na kiisha kahawa aliaminia paka ile kahawa tu, juu aliikaanga yee mwenyewe. Muuzishaji wa makala akileta gunia, Mama Régine alikuwaka anatia mukono mpaka chini kutafuta mawe. Muntu akimusalimia muzuri sana, alikuwaka anajiuliza: huyu anataka nini? Na tuseme kweli, mara mingi ule muntu alikuwa anataka kintu.

Baba yake alikuya Élisabethville, yenye leo tunaita Lubumbashi, na kazi ya treni. Balitoka kule Nord ya Katanga, upande wa Kabalo. Régine alizaliwa mu camp ya treni, akaolewa mu cité ya Kamalondo, akafiwa na bwana yake Kamalondo. Masomo alifanya miaka mbili kwa masœurs ya misioni. Kusoma jina yake anajua, kuandika jina yake anajua, bingine alibaachia kwao. «Macho yangu haikusoma buku,» alikuwaka anasema, «lakini inasoma bantu.»

Miaka kumi na moja alifulia Bwana Gérard, muzungu mumoja mwenye alikuwa anaikala mu nyumba ya matofali mu ville, muji ya bazungu, na maua ya bougainvillier ku barza. Bwana Gérard hakukuwa na bibi, hakukuwa na imbwa. Alikuwa na radio.

Haikukuwa radio ya kusikia muziki. Ilikuwa radio ya kusema. Muntu anasema hapa, mwenzake anamusikia Ndola, ao kule Nord, ao hata Ulaya, na anamujibu. Ilikuwa na makaratasi ya ruhusa. Hakuna muntu alimulipa kwa ile kazi. Alifanya paka kwa mapendo, sawa vile bengine banapenda kunywa.

Ku meza kulikuwa masanduku mbili. Ya kwanza, mudogo, ilikuwa émetteur, yenye kutosha sauti inje. Ya pili ilikuwa ampli. Ile ampli ilikuwa ya chuma, nzito sawa jiwe ya kaburi, na ndani yake lampi mbili kubwa za kioo zenye kuwaka rangi ya machungwa. Émetteur inasema, ampli inabeba ile sauti ku mabega na kuipandisha juu. Bila ampli, sauti ya Bwana Gérard ilikuwa inafika Nord mwenye kuchoka, kama muntu mwenye alitembea bila viatu. Na ampli, ilikuwa inafika na kofia ku kichwa.

Kila siku ya Mungu, ile ya Jumapili, saa tatu ya asubui, Bwana Gérard alikuwa anasema na Père André, padri wa misioni moja kule Nord, mwenye alikuwa pia na radio. Na karibu na ile misioni, ku gare ya treni, Désiré alikuwa karani. Désiré njo mutoto mumoja wa Mama Régine. Bengine batatu Mungu alibarudisha kwake. Père André alikuwa anamuita Désiré, anamuikalisha pembeni ya radio, na mama yake alikuwa anasikia: «Mama, jambo. Niko muzima.» Maneno mbili, tatu. Kiisha Mama Régine alikuwa anarudia ku manguo yake na kuimba mpaka jioni.

Mu ile miaka, alikuwa anasimama ku mulango na kitambaa ya kupanguza, na macho yake haikulala. Alijua kazi ya ile chumba sawa vile anajua misa: hakujua juu ya nini, lakini alijua kinafwata nini. Kwanza antena. Hata siku moja Bwana Gérard hakutia moto ya umeme mu ampli mbele ya kuunga antena. Kiisha nsinga nene kutoka ku émetteur kuenda ku ampli. Kiisha ile nsinga mudogo yenye kufanya ampli ipige «tak» wakati muntu anaanza kusema. Kiisha moto ya kwanza, ya kupashia lampi. Kungoja. Kiisha moto ya pili, ile ya butoni nyekundu, yenye inaweza kuua muntu.

Na iko jambo moja tena. Katanga yetu, mvula ikianza, radi haipige hodi. Bwana Gérard akimaliza kusema, alikuwa anatosha ncha ya antena nyuma ya ampli na kuitia mu chupa ya kioo, ya confiture, ku lidirisha. Radi ikiya, inakutana na chupa, haiingie mu masanduku. Kila siku, miaka kumi na moja, ile chupa.

Mwezi ya saba, mwaka 1960, bazungu mingi balijaza bintu mu mavoiture, magari yao, na kukimbia Rhodesia. Bwana Gérard pia. Alimupatia Mama Régine bifungulo.

«Régine, usifungulie muntu chumba ya radio. Hata kama anasema mie njo nilimutuma.»

«Hata kama uko weye, nitaangalia kwanza,» Mama Régine alijibu.

Akahamia mu kanyumba ya nyuma, mu kiwanja ya muzungu, kulinda. Katanga ikasema sasa iko inchi peke yake, na bendera yake na baaskari yake, magendarmes. Nord ikakataa. Vita ikaingia, treni ikakatwa, barua zikakatwa. Tangu mwezi ya kumi, Mama Régine hakusikia kintu ya Désiré. Bantu benye balitoka kule balileta habari yenye haifai kurudilia mbele ya mama. Mama Régine alipenda kintu moja tu: ajue kama mutoto iko muzima ao alikufwa. Radio ilikuwa nyuma ya mulango, bifungulo mu mufuko ya liputa, kitenge yake. Lakini mu ile wakati, muntu mwenye kusema mu radio bila ruhusa, banamuita espion, mupelelezi ya adui, na espion harudie kwake.

Njo vile bintu ilikuwa, mwezi ya pili ya 1961, wakati Antoine alipiga hodi.

Alikuya siku ya mercredi, na kofia mu mukono na viatu vyenye kupakwa cirage mpaka vinangaa. Mama Régine aliangalia ile cirage na kuwaza: huyu anataka nini?

«Jambo, Mama. Mie Antoine, ninaikala Katuba. Niko rafiki ya Bwana Gérard.»

«Bwana Gérard hakukuwa na rafiki.»

«Ya radio, Mama. Tulikuwa tunatumika pamoja mu ile chumba mara mingi. Nilisikia uko na mutoto kule Nord. Ninaweza kuunga ampli. Tunaweza kumutafuta.»

«Nani alikuambia niko na mutoto?»

«Kamalondo yote inajua, Mama.»

«Kamalondo inajua bintu mingi. Mie sikukuona hapa hata siku moja.»

«Nilikuwa nakuya wakati uko unafula kule nyuma.»

Alisema na matamshi ya Kasai. Na mu ile miezi, Mukasai mu Élisabethville alikuwa anatembea karibu na ukuta, juu bantu balikuwa banamuona sawa adui ya Katanga. Mukasai mwenye kutafuta radio? Mama Régine alimuangalia mpaka kofia ikaanza kuzunguka mu mikono ya ule bwana.

«Kuya kesho kutwa, vendredi,» alimuambia.

Usiwaze alimuaminia. Alipenda kumuona akifanya kazi.

Vendredi Antoine alirudia. Mama Régine alikuwa ananyoosha manguo na fer. Akaingia naye mu chumba na ile fer ya makala mu mukono, inatoka moshi.

«Fanya kazi yako. Mie nitasimama paka hapa.»

«Na fer, Mama?»

«Na fer.»

Antoine akaikala. «Ah, chumba ya Bwana Gérard, haijabadilika!» Akaunga nsinga nene, muzuri. Akaunga nsinga mudogo, muzuri. Akatia prizi mu ukuta, moto ya kwanza ikawaka, akangoja lampi zipate joto. Mama Régine aliona anajua kazi, na ile ikamuogopesha zaidi, juu mwivi mwenye kujua kazi anapita mwivi mujinga.

Kiisha kidole ya Antoine ikaenda ku butoni nyekundu.

Nyuma ya ampli, tundu ya antena ilikuwa wazi. Ncha ya antena ilikuwa mu chupa ya confiture, ku lidirisha, karibu sana na kiwiko yake. Hakuiangalia hata mara moja.

«Acha!» Mama Régine akaruka na kungoa prizi. Lampi zikazima polepole. «Uko muongo!»

«Mama, nini sasa?»

«Antena iko wapi?»

Antoine akageuka, akaona tundu, akaona chupa. Jasho ikaanza kushuka.

«Muntu mwenye aliikala humu na Bwana Gérard hata siku moja,» Mama Régine alisema, «akiingia anaangalia ile chupa mbele ya kuangalia kiti. Weye ulipenda kutia moto mukubwa mu ampli yenye haina antena! Ile moto ingeenda wapi? Ingerudia mu malampi na kuyaua. Hukuingia humu hata siku moja. Nani alikutuma? Sema, ao hii fer itakunyoosha shingo!»

«Hakuna muntu alinituma, Mama. Telemusha ile fer kwanza.»

«Sitelemushe.»

Antoine akasema na fer mbele ya pua. Alikuwa fundi wa maposti, maradio ya kusikia tu, mu mangazini moja ya ville. Bwana Gérard alikuwa anakuya kule kununua bintu, na yee Antoine njo alifungia zile lampi mbili mu karatasi, njo alimupatia ku meza ya kuuzishia. Toka ile siku alijua kama mu hii nyumba kuko ampli. Posti ya kusikia, antena yake haitoke. Njo juu ya ile hakuangalia. Na bibi yake Mado alienda kuzalia kwa mama yake kule Kasai, kiisha njia zikafungwa.

«Miezi tano sasa, Mama. Sijui kama niko baba, sijui kama niko mujane.»

«Na juu ya nini ulidanganya?»

«Kama ningekuambia: mie Mukasai, haunijui, ninataka kuingia mu nyumba ya muzungu kusema mu radio, ungefungula?»

«Apana.»

«Njo vile.»

«Hata sasa sikuaminie.»

«Mie pia, Mama. Ile fer iko karibu sana na masikio yangu.»

Mama Régine akakaza mudomo juu kicheko isitoke. Akawaza Désiré. Antoine alikuwa na masikio ya radio, anajua kutafuta sauti mu makelele. Yee Régine alikuwa na mupango ya kazi mu kichwa. Akasema: «Siku ya Mungu, saa mbili na nusu. Utaikala pale, mikono ku magoti. Mie njo nitagusa. Weye utasikiliza. Ukitosha mukono ku goti bila mie kukuambia, ninapiga kelele mpaka magendarmes basikie.»

Siku ya Mungu Antoine alikuya na kuikala sawa mutoto ya catéchisme mbele ya padri. Mama Régine akatosha antena mu chupa na kuiunga ku mugongo ya ampli. Akaunga nsinga nene na nsinga mudogo. Akatia moto ya kwanza na kungoja wakati wa kusema dizaine moja ya rozari, Salamu Maria kumi, juu Bwana Gérard alikuwa anangoja wakati wa kuvuta sigara nusu, na yee Régine hakukuwa muntu wa kuvuta. Akafinya butoni nyekundu. Ampli ikanguruma.

Ku mabutoni makubwa mbili kulikuwa alama za rangi nyekundu, zenye Bwana Gérard alipaka. Miaka yote alipanguza pembeni ya zile alama bila kuzisogeza. Sasa akageuza ya kwanza mpaka ku alama, sindano ya kipimo ikaanguka. Akageuza ya pili, sindano ikapanda polepole.

«Kidogo tena,» Antoine akasema.

«Nilikuuliza?» Lakini akageuza kidogo tena.

Akaleta mudomo karibu na mikro ya kusemea. Ile mikro ikamuluma ku mudomo, sawa siafu. Mama Régine akapiga Antoine kofi.

«Ulifanya nini?»

«Mikono yangu iko ku magoti, Mama!»

Ilikuwa kweli. Mama Régine akapanguza mudomo, akasogea nyuma kidogo, akasema: «Père André, Père André. Huku ni kwa Bwana Gérard, Élisabethville. Mie Régine, mama ya Désiré. Désiré iko?»

Akageuza butoni ya kusikia. Makelele sawa mvula ku manjanja ya paa. Akaita tena, na tena. Mara ya ine, Antoine akainua kichwa: «Pale! Muntu anasema.»

Sauti ikakuya, mbali, na Kiswahili ya padri, yenye kukatwa katwa. «Ni nani huko? Bwana Gérard yuko wapi?»

«Alienda Rhodesia, mon père. Mie Régine. Mupatie Désiré, mutoto yangu.»

«Simujui mutu wa jina hilo.»

«Mon père! Ulimuikalisha pembeni yako mwaka muzima!»

«Simujui. Musiite tena hapa.»

Na sauti ikakatika.

«Padri mwenye kudanganya siku ya Mungu,» Mama Régine alisema, «iko na sababu.»

«Anaogopa, Mama. Sawa weye na mie. Kama Désiré alikufwa, angesema pole.»

«Ao alikufwa na anaogopa kuniambia.»

Mama Régine akazima moto, akarudisha antena mu chupa, akamusindikiza mpaka ku mulango ya kiwanja.

Saa sita ya muchana, Kalaba akamuita ku haie, ile ukuta ya majani kati ya manyumba mbili. Kalaba alikuwa mupishi wa muzungu wa nyumba ya pembeni, muntu wa kucheka cheka.

«Mama Régine! Tangu lini unatumika ku radio ya serikali?»

«Unalewa mbele ya chakula sasa?»

«Sikulewa. Patron yangu alikuwa anasikiliza misa mu posti. Padri anaimba Kyrie, mara moja sauti: Désiré iko? Désiré iko? Patron akaangusha kikombe!»

«Na weye ulisema nini?»

«Nilisema sijui ile sauti. Lakini Mama, ile sauti yako, hata mbuzi za Katuba zinaijua.» Kiisha Kalaba akaacha kucheka. «Anasema ikirudia, anatelefonia magendarmes. Mie nilikuambia tu.»

Juu ya nini aliniambia? Mama Régine alijiuliza ile siku yote. Kuniokoa, ao kuona kama nitatetemeka? Na ule Antoine, hakujua kama sauti itaingia kwa bantu? Ao alijua? Kila voiture yenye kupita mu barabara, alikuwa anasimama nyuma ya pazia mpaka ipite.

Mercredi Antoine alirudia, na Mama Régine akamushika ku shati mbele ya kumusalimia.

«Sauti yangu iliingia mu misa ya jirani. Ulijua!»

«Sikujua, Mama. Ngoja. Na mikro ilikuluma, hapana? Niachilie shati, niangalie.»

Akapiga magoti nyuma ya ampli, akaangalia muda murefu. «Mama, hapa kuko vis ya terre, ya kukazia nsinga. Ampli kama hii inapashwa kuwa na nsinga ya cuivre, ya shaba, inatoka hapa, inapita ku lidirisha, inafungwa ku tuyo, bomba ya mayi, inaingia mu udongo. Ile njo inakunywa moto yenye imepotea njia. Bila ile, moto inatembea fasi yote: inakuluma ku mudomo, inaruka kwa jirani. Vis iko, nsinga hakuna. Muntu aliitosha.»

«Iko namna gani, ile nsinga?»

«Nene sawa kidole ya mutoto. Ikikaa inje, inakuwa kijani.»

Mama Régine akaangalia inje, mu lidirisha. Mu kiwanja, kati ya muti ya avocat, ya parachichi, na ukuta, kulikuwa madrap, mashuka yake ine yenye kuanikwa asubui, nyeupe sawa sakramenti. Zilianikwa ku kamba moja nzuri sana, nene, yenye kuvuta bila kulegea. Mwezi ya nane alikuwa anasafisha nyuma ya nyumba, akaona nsinga kijani, chafu, inalala ku ukuta bila kazi, akaivuta mpaka ikatoka. Yee haachake kintu bila kazi.

Akatoka. Antoine akamuona anaondosha drap ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, anaziweka ku majani. Kiisha anafungula kamba, anaizungusha ku mukono. Akaingia, akaitupa ku meza, kijani, na kibanio moja ya manguo ingali inashika ku ncha.

«Hii.»

«Ilikuwa wapi, Mama?»

«Unauliza mingi. Funga.»

Antoine akatia mukono ku mudomo, mabega ikatikisika.

«Cheka,» Mama Régine alisema, «na utarudia Katuba na muguu moja.»

Hakucheka. Akakwangua ile nsinga na kisu mpaka cuivre ikaonekana nyekundu, akaifunga ku vis, akaipitisha ku lidirisha, akaikaza ku tuyo ya mayi. Kiisha Mama Régine akatoka na kuivuta na mikono mbili, kuona kama haidanganye.

Akapatana pia na Kalaba. Siku ya Mungu, patron akifungula posti, Kalaba ataikala ku barza anachambua mboga. Sauti ikiingia mu misa, atapunga serviette, kitambaa ya mikono, juu ya haie, na Mama Régine atazima. Bei ya ile kazi: mashati mbili kupigwa fer, na kola ngumu.

Siku ya Mungu ile, mbingu ilikuwa safi. Ndege ya ONU, Umoja wa Mataifa, ilitoka ku uwanja ya Luano, ikapita juu ya manyumba, ikaenda. Antena, nsinga nene, nsinga mudogo, moto ya kwanza, dizaine moja ya rozari, butoni nyekundu. Sindano ikaanguka, sindano ikapanda. Mama Régine akaleta mudomo ku mikro na macho ya kufunga. Haikuluma.

«Père André, huku ni Régine Numbi. Sitauliza kintu leo. Nitasema paka hivi: nitaikala hapa kila siku ya Mungu mpaka uchoke. Mie sichokake.»

Akageuza butoni. Makelele tu. Akaangalia haie: hakuna serviette. Pengine Kalaba amelala? Akatuma Antoine kuangalia. Antoine akarudia mbio.

«Anachambua sombe, Mama. Misa inaimba safi, hata kikohozi ya sauti yako hakuna.»

Na mu ile wakati, mu makelele, muntu akakohoa. Haikukuwa padri. Sauti ilikuwa ya kijana.

«Weye mwenye kusema. Kama uko mama ya Désiré, sema jina yenye alikuwa anamuita mu nyumba wakati iko mutoto. Ile jina yenye muntu mwengine haijui.»

Mama Régine aliijua ile sauti mbele ya neno ya pili. Machozi ikakuya. Kiisha machozi ikakutana na kintu ingine, moto ya hasira, na ile moto njo ilifika kwanza.

«Weye!» alilia mu mikro, na sindano ya ampli ikaruka. «Weye, nilikubeba miezi kenda, nilikubeba ku mugongo mu mvula mpaka ku dispensaire kwa munganga, na leo unanifanyisha examen sawa mwanafunzi? Wakati ulitoka mu tumbo, nilikuuliza makaratasi? Nilikuuliza jina? Mie sijibu! Uliza mama yako mwengine, kama uko naye!»

Akageuza butoni, pah.

Antoine alishika kichwa. «Mama! Jibu tu! Jina moja tu!»

«Sijibu.»

«Atawaza uko muongo! Atakata!»

«Akate.»

Lakini mukono yake ilibaki ku butoni ya kusikia. Makelele ikajaza chumba. Wakati ikapita, murefu kupita rozari nzima. Hapo mu ka sanduku ya sauti bakasikia muntu anacheka. Alikuwa anacheka namna ya muntu mwenye analia.

«Mon père, ni yee,» ile sauti ilisema, nyuma ya mikro. «Hakuna mwengine mu dunia. Ni yee mwenyewe.» Na kiisha, karibu: «Mama.»

Mama Régine akageuza butoni. «Mm.»

«Niko muzima, Mama.»

Akamuelezea mu maneno ya haraka. Gare iliungua. Anajificha kwa mon père miezi tatu. Siku moja bantu benye bunduki balikuya ku mulango, mumoja akamuita na sauti ya ndugu yake wa Kamalondo, akatoka, na kidogo tu bamukamate. Toka ile siku, hakuna muntu anatamka jina yake mu misioni, na mon père anakatalia bote.

Mama mwengine angesema: ulifanya muzuri kuniuliza. Mama Régine hakusema vile. Alisema: «Unakula?»

«Ninakula, Mama.»

«Unadanganya.»

«Ninakula kidogo.»

«Aya. Ikala kwa mon père. Usitoke hata kama ni mie njo ninakuita ku mulango.»

«Ndiyo, Mama.»

Père André akarudia ku mikro na kuomba musamaha, na Mama Régine akamupatia, lakini polepole, juu asizoee. Kiisha akamuuliza: «Mon père, kule Kasai, unajua muntu mwenye iko na radio?»

«Yuko padri mumoja karibu na Luputa. Ninasema naye siku ya mardi.»

Antoine hakukuwa tena na mikono ku magoti. Alisimama, kofia imeanguka chini, na hakuiona.

Mama Régine akatoka mu kiti. Akapanguza mikro na pembe ya liputa, fasi yenye mudomo yake ilikuwa imegusa.

«Ikala,» alimuambia. «Sema jina ya bibi yako polepole, na jina ya mama mukwe, na kijiji yake. Mara mbili. Père André anapenda kusema simujui.»

Antoine akaikala.